Kompyuta ikigoma, anza na hewa na stima

Kila mama wa nyumba kisiwani Mombasa anajua tabia ya chumvi ya mezani. Ukiitia kichupani asubuhi, jioni imeshikana bonge au imetoa maji, ndiyo maana watu wakazoea kuichanganya na punje chache za mchele. Si kwamba chumvi hiyo ni mbovu. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe pindi unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, na hapa kisiwani, hasa usiku na alfajiri, kiwango hicho hupitwa siku nyingi za mwaka.

Chumvi iyo hiyo husafiri na upepo wa bahari. Huingia madirishani, hutua kwenye vyuma vya dirisha vikashika kutu, na hutua vilevile ndani ya kompyuta, juu ya vipande vyembamba vya shaba na bati vinavyopitisha umeme. Usiku unyevu ukizidi, chumvi ile hugeuka maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme mahali pasipotakiwa, kisha hula madini taratibu. Mashine ambayo ingeishi miaka minane katika mji mkavu wa bara, huku huanza kusumbua mapema.

Ndiyo sababu ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kompyuta zinazoharibika haumfai sana mtu wa Kibokoni au Ndia Kuu. Washauri hao huanza na programu: futa hiki, weka kile. Mkazi wa kisiwani yampasa aanze na hewa na stima, kisha ndipo aingie ndani. Na kuna sababu kubwa ya kujifunza mambo haya machache nyumbani, ambayo haihusu pesa za fundi tu. Kompyuta inapotoka mlangoni kwenda kutengenezwa, hutoka na kila kilichomo. Nitalirudia jambo hilo.

Ikikataa kuwaka

Tuanze na lile linalotisha zaidi: umebonyeza kitufe na kimya. Usikimbilie kusema imekufa. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndogo ndani, na fyuzi hiyo ikikatika kompyuta haitawaka hata kama ni mpya. Ijaribu soketi yenyewe kwa taa au chaja ya simu. Badilisha waya, kama unao mwingine wa namna ile ile. Chomeka moja kwa moja ukutani bila kupitia ekstensheni, kwa kuwa ekstensheni za bei rahisi ndizo aghalabu zinazoshika kutu ndani na kulegea.

Ikiwa ni laptopu na bado imenyamaza, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Umeme uliobaki ndani hutoka. Rudisha chaja peke yake, ujaribu tena. Utashangaa ni ngapi zinazofufuka kwa dawa hii isiyo na gharama.

Huenda ikawa feni inazunguka, taa inawaka, lakini kioo ni cheusi. Zima taa ya chumbani na umulike kioo kwa tochi kwa ubavu. Ukiona maandishi hafifu kama kivuli, basi kompyuta ni nzima, na kilichozimika ni mwangaza wa nyuma wa kioo. Usipoona kitu, na ni ile kompyuta ya mezani inayolia pi-pi-pi, mara nyingi shida ni vipande vya memori vilivyoshika kutu kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu. Hapa ndipo chumvi yetu inapojitokeza waziwazi. Chomoa waya wa stima, gusa chuma cha kasha kwanza ili utoe umeme wa mwilini, kitoe kipande cha memori, sugua meno yale polepole kwa raba safi ya mwanafunzi, pangusa mabaki ya raba, ukirudishe mpaka kilie tak. Ila lile boksi la chuma linalopokea waya wa stima nyuma ya kompyuta usilifungue kabisa. Ndani yake mna sehemu zinazohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa, na zinaweza kukuumiza vibaya.

Stima yenyewe nayo ina visa vyake. Kipimo chetu ni volti 240, lakini wakazi wanajua jinsi taa zinavyofifia jioni kila nyumba inapowasha feni na friji, na zinavyong'aa kupita kiasi stima inaporudi baada ya kukatika. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilizama gizani, na baadhi ya maeneo yalikaa saa nyingi bila umeme. Kukatika kwenyewe huweza kuharibu faili iliyokuwa wazi, lakini kinachoumiza mitambo zaidi ni ule mshtuko wa kurudi. Kwa hivyo stima ikikatika, chomoa plagi. Ikirudi, acha friji na taa zitangulie, ngoja dakika tano au kumi, ndipo uchomeke kompyuta. UPS ni kitu kizuri kwa mwenye uwezo, ila betri yake kwa joto letu hudumu miaka mitatu hivi, na wengi hukaa na UPS iliyokufa wakidhani wamekingwa. Vivyo hivyo ekstensheni yenye kinga: kila mshtuko huila kidogo, hata siku moja ibaki ekstensheni ya kawaida tu.

Joto, chokaa na moshi wa udi

Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari za boriti za mikoko. Ni nyumba za baridi na za kupendeza, na mji huu una historia ya kujivunia. Lakini chokaa ya kale hudondoka unga mwembamba, na feni ya kompyuta huuvuta unga huo mchana kutwa. Ongeza moshi wa udi na ubani, ambao huacha utando wenye kunata, na hewa yenye chumvi, na unapata kitu kama saruji kwenye mapezi ya feni. Kompyuta ikishindwa kupumua hupata joto, na ikipata joto hujipunguzia mwendo ili isiungue, au hujizima ghafla. Wengi huiita hali hii virusi.

Dalili ni rahisi kuzitambua. Kama kompyuta ni nyepesi asubuhi na nzito adhuhuri, hasa miezi ya kaskazi ya Januari hadi Machi joto linapopita nyuzi 30, basi tatizo ni joto. Usiiweke laptopu juu ya godoro au kitambaa, kwani unaziba matundu yake ya chini. Iweke juu ya ubao. Kila baada ya miezi mitatu, ikiwa imezimwa na kuchomolewa, toa vumbi kwa brashi laini na pampu ya hewa, ukiishikilia feni kwa kijiti isizunguke. Na ukifukiza, hamisha chetezo au hamisha kompyuta.

Msimu wa kusi na mvua za masika una adha nyingine. Mashine iliyokaa bila kutumiwa ndiyo huoza upesi, kwa sababu joto la kazi hufukuza unyevu. Iwashe hata saa moja kila siku chache. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya makasha ya viatu usivitupe, vitie katika mkoba wa laptopu. Nawe unayefanya kazi katika ofisi yenye mashine ya baridi, ukifika nyumbani iache laptopu mkobani nusu saa kabla ya kuiwasha. Chuma baridi kikikutana na hewa yetu hutoka jasho, nje na ndani.

Chai ikimwagika kwenye kibodi, zima papo hapo, chomoa, toa betri ikiwezekana, ipindue kifudifudi, uiache mbele ya feni siku moja au mbili. Mchele wa kwenye kichupa cha chumvi hauna kazi hapa. Unga wake huingia matunduni ukaongeza ugonjwa.

Saa iliyorudi nyuma

Yapo matatizo yanayotia wasiwasi bure. Mathalan, kompyuta kuukuu inawashwa, inadai kwamba mwaka ni 2009, na kila ukurasa wa intaneti unakataa kufunguka ukisema si salama. Hakuna mwizi. Ni betri ndogo mviringo ya volti 3, iitwayo CR2032, iliyokwisha nguvu, na kompyuta imesahau tarehe. Betri hiyo huuzwa maduka mengi ya saa. Sahihisha tarehe na kurasa zitafunguka.

Uzito wa kila siku, ule usiotokana na joto, hutokana zaidi na diski iliyojaa na programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame orodha ya zinazotumia nguvu. Acha angalau sehemu moja kati ya kumi ya diski iwe tupu. Lakini ukisikia diski ikigonga tik-tik, acha mengine yote. Nakili vitu vyako saa hiyo hiyo, kwani diski ya namna hiyo yaweza kufa kabla ya jioni.

Flashi zinazozunguka mjini ni mlango mwingine wa maradhi. Umekwenda kuchapisha fomu saiba, umerudi, na folda zote zimegeuka vialama vya njia ya mkato. Usizibofye. Mara nyingi mafaili hayajapotea, yamefichwa tu, na kinga iliyomo ndani ya Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012 inatosha watu wengi, mradi isizimwe na iwe inapata masasisho. Hapo wenye Windows 10 wajihadhari: Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa mjini hazina chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11. Uliza kabla ya kulipa.

Ama intaneti, kuna kichekesho kidogo. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS tangu mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, zilifikia nchi kavu hapa hapa Mombasa, lakini mtu wa Mji wa Kale anaweza kukaa chumba cha pili kutoka kwenye ruta asipate kitu. Ukuta wa matumbawe ni mnene, tena huvuta unyevu, na mawimbi hufia humo. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Chagua ile ya 2.4, hupenya ukuta vizuri kuliko ya 5, na uiweke ruta kwenye ngazi au uwanda wa ndani, si pembeni mwa sebule. Na siku intaneti ikizorota kwa mji mzima, kama ilivyokuwa tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, usifungue ruta yako kwa bisibisi.

Kabla haijatoka nyumbani

Sasa nirudi kwenye lile nililoahidi. Katika nyumba nyingi za hapa kompyuta imechukua nafasi ya albamu na ya sanduku la karatasi. Mna vyeti vya kuzaliwa, hati za nyumba, sauti za wazee waliokwisha kutangulia. Mna pia picha za kupamba, siku ambayo wanawake hukaa wao kwa wao, bibi harusi kajipamba, na ambayo katika baadhi ya harusi wageni huombwa simu zao mlangoni. Picha hizo hulindwa usiku wa harusi kwa macho makali, kisha miaka mitatu baadaye kompyuta inapelekwa dukani kwa sababu ya feni, na picha zote zimo ndani. Kuzifuta siku hiyo hakutoshi. Katika diski za kuzunguka, kufuta huondoa jina kwenye orodha tu, na picha yenyewe hukaa pale hadi iandikwe juu yake. Programu za kuirudisha hupatikana kwa urahisi.

Sisemi mafundi ni wabaya. Wengi ni watu waaminifu wenye kazi nyingi na nafasi ndogo. Lakini picha za namna hiyo zisikae kabisa katika kompyuta. Nunua diski mbili za nje. Moja ikae sandukuni, nyingine kwa dada au shangazi mtaa mwingine, Tudor au Likoni, ili bomba likipasuka au moto ukitokea zisipotee zote pamoja. Kila baada ya miezi sita zifungue uone kama zinasomeka, maana chumvi haiogopi kufuli.

Ugonjwa ukiwa wa feni, kibodi, kioo au tundu la chaja, mwombe fundi aitoe diski mbele yako, ubaki nayo. Katika kompyuta ya mezani ni skrubu nne na waya mbili, na katika laptopu nyingi ni kazi ya dakika chache, ingawa zipo mpya ambazo diski yake imegandishwa kwenye ubao. Fundi mzuri hakasiriki akiombwa hivyo. Na kama lazima aishike, mwambie na umwandikie kwenye karatasi ya risiti: usifomati bila kunipigia simu.