CHUJIO LA SAUTI: KWA NINI SINTEZA INASEMA "WAU"?



Katika korali nyingi za Bukavu sinteza imekuwa chombo cha kila yenga. Wengi wetu tunajua kugusa nota, lakini vile vibutoni vya juu tunaviogopa, ao tunavizungusha ovyo. Kisha watu wanalalamika: piano inapiga makelele, maneno ya wimbo hayasikiki! Tumeona vema tueleze kibutoni kimoja tu, kile cha chujio. Mara nyingi kimeandikwa Cutoff.

Tuanze na fizike. Nota "la" ni hewa inayotikisika mara 440 kwa sekunde. Lakini ndani yake mna mitikisiko mingine midogo: 880, 1,320, 1,760 na kuendelea. Ndiyo inafanya filimbi isisikike kama gitare, hata vikipiga nota moja. Chujio la sauti ni kama lile la jikoni: mengine linaacha yapite, mengine linayazuia. Tukiliweka kwenye 1,000, ile 440 na 880 zinapita, za juu zinapunguka. Sauti inakuwa nzito na ya upole. Tukilifungula, inakuwa kali.

Chujio linalojulikana sana ni la Robert Moog wa Marekani, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1969. Linapunguza desibeli 24 kwa kila oktava inayopita mpaka. Lakini si kila sinteza iko nalo: Yamaha DX7 ya 1983 ilitengeneza sauti kwa njia ingine.

Chujio likisimama pahali pamoja, sauti nayo inasimama. Utamu unakuja likitembezwa. Njia ni tatu:

1. Mkono ao mguu. Ndiyo kazi ya pedali ya wau-wau ya wapiga gitare, tangu miaka ya 1960.

2. Nota yenyewe. Kila tukigusa, chujio linafunguka upesi, kisha linajifunga polepole.

3. Wimbi la polepole, tuseme mara 1 mpaka 5 kwa sekunde. Lenyewe halisikiki, linasukuma chujio mbele na nyuma kama mtoto kwenye bembea.

Tusidhani ni mambo ya wazungu peke yao. Wapiga likembe wanafunga na kufungula tundu la sanduku kwa kidole, na sauti inageuka vilevile. Hata kinywa ni chujio: imba nota moja, anza na "u", ishia na "a". Koo haikubadilisha nota. Kinywa ndicho kilifunguka.

Sasa tunafika kwenye shida yetu. Herufi kama s, t, k na f, zinazotenganisha neno na neno, nguvu yao kubwa iko juu ya 2,000. Sinteza ikiachwa wazi kabisa inakaa palepale na kuzifunika. Kuongeza mikro hakusaidii sana. Basi, waimbaji wakianza, tufunge chujio kidogo, wakipumzika, tulifungule.

Wenye kubisha wajaribu kwenye repetisyo: mmoja akae benchi ya nyuma na karatasi, aandike maneno anayosikia, kwanza chujio likiwa wazi, kisha likiwa limefungwa nusu. Karatasi hizo mbili zitaamua.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho