ANAKULA, MBONA ANAKONDA?
Uzito wa mgonjwa wa Huntington

Leo tunazungumza na akina mama na wote wanaouguza mgonjwa nyumbani.

Mama, unampikia mumeo, anamaliza sahani, lakini nguo zinazidi kumpwaya. Mikono na miguu inajirusha yenyewe. Anasahau, anakasirika upesi. Babake pia alikuwa hivyo. Wengine wanasema amerogwa, wengine wananong'ona kwamba unamnyima chakula. Huenda ni ugonjwa wa Huntington.

Ugonjwa huu uliitwa kwa jina la George Huntington, daktari Mmarekani aliyeueleza mwaka wa 1872. Hauambukizi. Unatokana na jeni yenye kasoro, iliyotambuliwa mwaka wa 1993. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto, msichana kwa mvulana, ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Mara nyingi dalili huanza kati ya miaka 30 na 50. Ni ugonjwa wa nadra, lakini Afrika Mashariki upo. Madaktari wameueleza katika familia za kaskazini mwa Tanzania.

Kwa nini anakonda? Wengi hudhani ni kwa sababu mwili hautulii. Hiyo ni sehemu tu. Kukonda kunaweza kuanza hata kabla mwili haujaanza kujirusha sana. Jeni hiyo imo katika seli za mwili mzima, si ubongo pekee, na huvuruga jinsi mwili unavyotumia chakula. Baadaye kumeza huwa kugumu. Mgonjwa hupaliwa na kula kidogo.

Kwa hivyo, mama, si kosa lako. Dawa ya kuponya haijapatikana, lakini kutunza uzito humpa mgonjwa nguvu. Fanya hivi:

1. Mpe chakula mara 5 au 6 kwa siku, kidogo kidogo.
2. Ongeza nguvu katika chakula: uji wa wimbi wenye maziwa na njugu zilizosagwa, mayai, parachichi, mafuta kidogo kwenye mboga.
3. Akae wima anapokula, asiharakishwe wala kuongeleshwa. Asilale mara tu baada ya kula.
4. Akipaliwa, mpe vyakula laini na vizito. Maji matupu hupalia haraka kuliko uji mzito.
5. Mpime uzito kila mwezi na uandike.

Uzito ukizidi kushuka, mpeleke hospitali ya kaunti, Kitale au Bungoma. Kifua kikuu, kisukari na Ukimwi pia hukondesha, na hivyo vina matibabu. Akikohoa kila anapokula, au akipata homa, usingoje. Chakula huenda kinaingia mapafuni. Daktari anaweza kumtuma hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret.

Tukumbuke: mgonjwa huyu anahitaji chakula zaidi, na mlezi wake anahitaji kusaidiwa, si kulaumiwa. Jirani, ukienda kumjulia hali, beba maziwa.