Maktaba za Vyuo Vikuu Mbeya na Iringa: TEHAMA Inavyobadili Huduma na Mambo Anayopaswa Kuyajua Mwananchi

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo unaieleza vyema kazi ya maktaba ya chuo kikuu. Kitabu kilichopo katika rafu ambacho hakuna anayejua kilipo, au utafiti uliogharimiwa kwa fedha za umma kisha ukafungiwa kabatini, ni mali iliyopotea bila habari. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, ambako vyuo vikuu vimeongezeka kwa kasi tangu miaka ya 2000, namna maktaba zinavyotunza na kutoa maarifa ni suala linalomgusa mwanafunzi, mzazi anayemlipia ada na mwananchi ambaye kodi yake ndiyo inayoendesha vyuo vya umma.

Makala haya yanaeleza mabadiliko yanayoendelea katika huduma za maktaba za vyuo vikuu, sababu za mabadiliko hayo, changamoto zilizopo na namna mwananchi anavyoweza kunufaika.

Kutoka sekondari na chuo cha ufundi hadi chuo kikuu

Kwa muda mrefu, kijana wa Nyanda za Juu Kusini aliyetaka elimu ya chuo kikuu alilazimika kusafiri kwenda Dar es Salaam au Morogoro. Hali hiyo imebadilika. Mjini Iringa, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa (MUCE), ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya Shule ya Sekondari ya Juu Mkwawa. Vipo pia Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha.

Mkoani Mbeya, Chuo cha Ufundi Mbeya kilichoanzishwa mwaka 1986 kilikua na kuwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia, kisha mwaka 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Chuo Kikuu Mzumbe kina ndaki yake jijini humo, na Kanisa la Moravian linamiliki Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji.

Kukua huko kuna maana kubwa kwa maktaba. Maktaba iliyoandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari au wa cheti cha ufundi haiwezi kukidhi mahitaji ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza, wala ya mtafiti wa shahada ya uzamili anayehitaji majarida ya kitaaluma yaliyotoka mwezi uliopita. Aidha, idadi ya wanafunzi huongezeka haraka kuliko uwezo wa kununua vitabu. Nakala tano za kitabu kimoja haziwezi kuwatosha wanafunzi mia tatu wanaofanya mtihani mmoja kwa siku moja. Hapo ndipo teknolojia ya habari na mawasiliano inapoingia.

Kutoka droo za kadi hadi katalogi ya kompyuta

Katika utaratibu wa zamani, kila kitabu kiliandikiwa kadi zilizopangwa katika droo kwa jina la mwandishi, kichwa cha kitabu na somo. Msomaji alipekua kadi, akanakili namba ya kitabu, kisha akaenda kukitafuta katika rafu. Kadi hiyo haikuweza kumweleza kama kitabu kimeazimwa, kimepotea au kipo. Mara nyingi alilijua hilo baada ya kufika kwenye rafu na kukuta nafasi tupu.

Katalogi ya kompyuta hujibu maswali hayo yote kwa pamoja. Kila kitabu hupewa namba na alama ya mistari inayosomwa kwa mashine. Kinapoazimwa, taarifa hubadilika papo hapo, na msomaji anaweza kujua kupitia simu yake kwamba nakala ipo, imeazimwa au itarudishwa lini. Mkutubi naye hupata takwimu za matumizi. Hujua vitabu vinavyogombaniwa na vile ambavyo havijaguswa kwa miaka mingi, hivyo fedha chache zilizopo huelekezwa panapohitajika.

Programu ya Koha ni miongoni mwa zinazotumika sana katika maktaba za vyuo nchini. Ilitengenezwa nchini New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, na jina lake katika lugha ya Wamaori lina maana ya zawadi. Haitozwi ada ya leseni, na taasisi yoyote inaweza kuirekebisha kulingana na mahitaji yake. Hata hivyo, kutolipiwa leseni hakumaanishi kuwa haina gharama. Inahitaji seva, umeme wa uhakika, nakala za akiba za taarifa zote na mtaalamu anayeifahamu. Chuo kisichomwandaa mtaalamu wake kinaweza kujikuta kimesimama siku mfumo unapopata hitilafu.

Umbali umepungua

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Zamani, umbali huo ndio uliokuwa ukiamua msomaji apate nini. Jarida lililopokelewa katika maktaba moja ya Dar es Salaam halikuwepo Iringa, na nakala yake ilisafiri kwa basi au kwa posta.

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 2009 pale mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika pwani ya Tanzania, ukifuatiwa na mkongo wa EASSy mwaka 2010. Katika kipindi hicho hicho Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao umepita Iringa na Mbeya hadi mipaka ya Tunduma na Kasumulu, ukiziunganisha Zambia na Malawi. Kabla ya hapo, taasisi nyingi zilitegemea mawasiliano ya setilaiti yaliyokuwa ya polepole na ya gharama kubwa.

Mtandao huo ndio unaobeba majarida ya kielektroniki. Mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa Hinari unaoziwezesha nchi zinazoendelea kusoma majarida ya tiba, ukifuatiwa na mpango wa AGORA wa majarida ya kilimo mwaka 2003. Mipango hiyo na mingine sasa iko chini ya mwavuli wa Research4Life, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo taasisi zake hazitozwi ada. Kwa majarida yasiyomo katika mpango huo, maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini zimeungana katika umoja uitwao COTUL ili kununua kwa pamoja na kugawana gharama.

Mathalani, mwanafunzi wa ualimu wa MUCE anapokuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule ya mbali na chuo, halazimiki tena kusubiri arudi mjini ndipo asome. Kwa namba yake ya siri na simu yenye kifurushi cha intaneti, anaweza kuifikia rafu ya kielektroniki ya maktaba yake. Umuhimu wa huduma hiyo ulionekana wazi mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Mei kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19. Milango ya majengo ilifungwa, lakini majarida ya kielektroniki yaliendelea kusomeka kwa wale waliofundishwa namna ya kuyafikia.

Kununua na kukodi

Lipo jambo ambalo wengi hawalitambui. Maktaba inaponunua kitabu cha karatasi, kitabu hicho ni mali yake. Kitaazimwa leo na hata baada ya miaka thelathini. Lakini inapolipia jarida la kielektroniki, mara nyingi hununua haki ya kulisoma kwa kipindi maalumu. Ada isipolipwa, mlango hufungwa, na wakati mwingine hata matoleo ya miaka iliyolipiwa hayafunguki. Ada hizo hutozwa kwa fedha za kigeni, hivyo thamani ya shilingi inaposhuka, gharama hupanda bila kuongezeka ukurasa hata mmoja.

Kwa sababu hiyo, kuingia katika mfumo wa kielektroniki hakuondoi umuhimu wa vitabu vya karatasi. Maktaba inayopanga vizuri huhifadhi vitabu vya msingi vya kila somo katika rafu, hulipia majarida yanayosomwa kweli, na huwaelekeza wasomaji kwenye machapisho yaliyo huria ambayo hayana ada.

Utafiti wa hapa kwetu

Eneo ambalo Nyanda za Juu Kusini zina mengi ya kupata ni hifadhi za kielektroniki za vyuo. Kwa miaka mingi, tasnifu za wanafunzi zilijalidiwa na kuwekwa katika chumba maalumu zisikoruhusiwa kutoka. Utafiti kuhusu chai ya Mufindi na Rungwe, viazi mviringo vya Mbeya, kahawa ya Mbozi au misitu ya Sao Hill ulisomwa na wasimamizi na watahini, kisha ukanyamaza.

Tasnifu inapowekwa katika hifadhi ya kielektroniki iliyo huria, hupatikana kwa yeyote mwenye intaneti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ni miongoni mwa vyuo vyenye hifadhi za namna hiyo. Afisa ugani wa wilayani anaweza kusoma utafiti uliofanyika katika kata yake mwenyewe. Vilevile, mtafiti mpya hujua kilichokwisha kufanyika, hivyo harudii kazi ya mwenzake kwa gharama nyingine.

Kazi mpya ya mkutubi

Mkutubi wa leo ni mwalimu. Mwanafunzi anayeandika swali katika intaneti hupata maelfu ya majibu, yakiwemo ya kweli, yaliyopitwa na wakati na ya uongo. Yapo pia majarida ya kilaghai yanayomtoza mtafiti fedha na kuchapisha kazi yake bila kuipitia. Programu za akili unde nazo zimeongeza ugumu, kwa kuwa zinaweza kutoa orodha ya vitabu na makala ambavyo havijawahi kuandikwa, zikitaja hata mwaka na mchapishaji. Mwanafunzi anayenakili orodha hiyo bila kuihakiki hujiweka katika hatari ya kufeli au kupoteza heshima yake ya kitaaluma. Njia rahisi ya kuhakiki ni kuitafuta kila kazi katika katalogi ya maktaba au katika tovuti ya jarida lenyewe kabla ya kuitaja.

Maktaba pia inawajibika kwa sheria. Rekodi zinazoonesha nani ameazima nini ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka zitunzwe kwa usiri. Kunakili kitabu kizima na kukisambaza katika makundi ya simu kunaweza kukiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa upande mwingine, Mkataba wa Marrakesh, ambao Tanzania imejiunga nao, unalenga kuwezesha vitabu kuandaliwa kwa maandishi ya nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona na wenye uoni hafifu. Mwanafunzi mwenye mahitaji hayo asisite kuyawasilisha maktaba mapema muhula unapoanza.

Uwekezaji na changamoto

Serikali, kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET) unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425, inaimarisha majengo, mitaala, wataalamu na TEHAMA katika vyuo vya umma, MUST na MUCE vikiwemo.

Hata hivyo, majengo na mitambo pekee havitoshi. Umeme ukikatika bila chanzo mbadala, katalogi hufungika. Mwanafunzi asiye na kompyuta mpakato wala fedha za kifurushi huachwa nyuma na huduma ileile iliyokusudiwa kumsaidia. Ndiyo maana kompyuta za pamoja, mtandao wa bure ndani ya chuo na saa ndefu za kufungua maktaba si anasa. Kwa mwanafunzi kutoka familia ya kipato cha chini, hizo ndizo zinazoamua kama anasoma sawa na wenzake.

Mwananchi afanye nini

Mwanafunzi anashauriwa kujisajili maktaba katika juma la kwanza la masomo, kuomba namba ya siri ya kusomea akiwa nje ya chuo, na kuhudhuria mafunzo ya matumizi ya maktaba hata kama hayana alama. Mzazi amuulize kijana wake kama amefanya hivyo.

Mwananchi asiye mwanafunzi anaweza kusoma tasnifu zilizo huria bila malipo kupitia tovuti za vyuo husika. Kwa vitabu, afike katika maktaba za mikoa za Mbeya na Iringa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Anayehitaji kuingia katika maktaba ya chuo aulize kwanza utaratibu wa wageni, kwa kuwa kila chuo kina wake.

Maarifa yaliyomo katika maktaba hizi yamekusanywa kwa gharama kubwa, na sehemu yake yanahusu mashamba, shule na hospitali za mikoa hii hii. Daftari lake sasa limefunguliwa katika kompyuta na simu. Ni wajibu wa vyuo kulitunza na kuliweka wazi, na ni wajibu wa wananchi kulisoma.