Sura ya 5: Maji ya Siku Tatu

Nyunzu iko magharibi ya Kalemie, kwenye reli iendayo Kabalo, na mto Lukuga hupita katika eneo lake ukipeleka maji ya Ziwa Tanganyika hadi Lualaba. Maji, kwa hiyo, yapo. Shida huja pampu ya kisima inapokufa, mvua zinapouvuruga mto, au bunduki zinapowatoa watu majumbani. Katika mapigano ya Watwa na Waluba, kambi ya wahamaji wa ndani ya Vumilia 1, mjini Nyunzu, ilishambuliwa tarehe 30 Aprili 2015 na watu wasiopungua 30 wakauawa. Mahali palipopitia hayo, akiba ya maji lazima iwafae wanaobaki nyumbani na wanaokimbia pia.

Uvira, kaskazini mwa ziwa hilohilo, inaonyesha siku moja bila maji inavyoweza kuumiza. Watafiti walilinganisha kumbukumbu za mabomba ya mji na za wodi ya kipindupindu, kuanzia 2009 hadi 2014. Baada ya siku ambayo mabomba yalikauka kabisa, walioletwa hospitalini kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata walikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida.

Iwekwe akiba kiasi gani? Viwango vya kimataifa vya misaada huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku, pamoja na kupika bukari, kuoga na kufua. Ya kunywa na chakula peke yake ni kama lita 3. Familia ya watu 6 inahitaji basi lita 54 kwa siku tatu: bidoni tatu za lita 20, na kidogo kitabaki.

Chombo chenyewe ndicho kazi kubwa.

Bidoni nyingi za njano zilianza maisha zikiwa na mafuta ya kupikia. Hizo zinafaa zikioshwa vizuri; iliyobeba petroli au dawa ya shamba haifai kamwe, hata ikioshwa mara ngapi. Ukichungulia ndani ya bidoni ya siku nyingi utaona utando wa kijani ulioshika pembeni, na mara nyingi mdomoni pamechomekwa gunzi la mahindi kwa sababu kifuniko kilipotea zamani. Utando huo huficha vijidudu na hula klorini. Hutolewa kwa sabuni, maji kidogo na changarawe safi: bidoni inatikiswa kwa nguvu, inageuzwa huku na huku, kisha inasuuzwa hadi maji yatoke maangavu. Gunzi nalo litupwe, kitafutwe kifuniko.

Mdomo mwembamba una sababu yake. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, baadhi ya familia za wakimbizi wa Msumbiji zilipewa ndoo zenye mfuniko na mdomo wa kumiminia, mkono usiweze kuingia. Vijidudu vya kinyesi katika maji ya nyumba hizo vilipungua kwa 69%, ukilinganisha na waliotumia ndoo za kawaida. Kisima hakikubadilika, ni mikono tu iliyozuiwa.

Kisha dawa. Maji ya mto yenye tope huachwa yatulie, yakachujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 hutosha bidoni ya lita 20 ya maji maangavu, nayo husubiriwa dakika 30 kabla ya kunywa. Nguvu ya klorini hupungua siku hadi siku, hasa kwenye joto, kwa hiyo bidoni hukaa kivulini. Familia hunywa ya zamani kwanza na kujaza upya, ili akiba isilale miezi.

Lita 20 zina uzito wa kilo 20, mzigo mzito kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Ndiyo maana sehemu ya akiba inafaa iwe katika bidoni za lita 5 au 10 karibu na mlango, na pakiti ya vidonge imefungwa kwenye mshikio wa mojawapo.