Kava la taimingi likibaki gereji

Baada ya kubadilisha wota pampu, mafundi wengi huacha kipande cha plastiki nyeusi kando ya gari, kona moja imepasuka, tundu moja la bolti halipo. Mwenye gari akiuliza, jibu huwa tayari: hiyo haina kazi, gari litakwenda tu. Na kweli litakwenda. Kava la mkanda wa taimingi halibebi chochote, halizungushi chochote, wala halizuii oili isimwagike. Kifaa kingine kikikosekana injini hulalamika siku hiyohiyo. Hili likikosekana injini hunguruma vilevile kwa wiki, pengine kwa miezi, na mwenye gari akaamini kuwa fundi alisema kweli yote.

Mkanda wenyewe ni wa mpira wenye nyuzi za kioo katikati na meno upande wa ndani. Unaunganisha krenki na kemshafti, ili krenki ikizunguka mara 2 kemshafti izunguke mara 1, na valvu zifunguke na kufunga pistoni zikiwa mahali panapotakiwa. Tuseme gia ya krenki ina meno 20 na kutoka jino hadi jino ni milimita 8. Injini ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika, mkanda huo unapita mita 8 kila sekunde, yaani karibu kilomita 29 kwa saa, ndani ya nafasi isiyozidi upana wa kiganja. Kokoto likidondokea kati ya mkanda na gia, kabla halijapata pa kutokea limeshasagwa humo.

Maji peke yake si adui mkubwa kama watu wanavyodhani. Feni belti ikilowa huteleza na kupiga kelele kwa sababu inashika kwa msuguano. Mkanda wa taimingi unashika kwa meno, hauna pa kuteleza. Tatizo ni yale yanayoletwa na maji: tope, mchanga, changarawe za barabara isiyo na lami. Mchanga laini ukikaa kwenye mifereji ya gia hufanya kazi ya msasa, ukila kitambaa kinachofunika meno ya mkanda. Punje kubwa hufanya vibaya zaidi: huunyanyua mkanda juu ya gia, nao ukaruka jino. Kwa gia yetu ya meno 20, kuruka jino 1 ni kupotea digrii 18 za mzunguko wa krenki. Gari litawaka kwa taabu, litakosa nguvu mlimani, na mtu ataanza kununua plagi na pampu ya mafuta bure.

Hatari nyingine haitoki barabarani kabisa, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Feni belti na mkanda wa jenereta hupita mbele tu ya mkanda wa taimingi, kwenye puli ya krenki. Ukizeeka, mkanda wa nje huanza kuchanika nyuzi pembeni. Nyuzi hizo zikijizungusha nyuma ya puli, kilichobaki kuzizuia zisifike kwenye gia ya taimingi ni kipande cha chini cha kava. Kikiwa hakipo, mkanda wa bei ndogo unaua mkanda wa bei kubwa, na wakati mwingine injini nzima. Ongeza hapo kitambaa kilichosahauliwa juu ya injini, bolti iliyodondoka, panya aliyejilalia humo usiku, na ncha ya mtandio au kamba ya kitambulisho cha anayeinama kuchungulia huku injini inawaka.

Hasara itakuwa kubwa kiasi gani? Hapo inategemea una injini gani. Toyota 4A-FE na 5A-FE za Corolla na Carina za zamani, pamoja na 3S-FE ya Noah za kwanza zenye injini chini ya viti vya mbele, zimeachiwa nafasi kati ya pistoni na valvu. Mkanda ukikatika, gari linazima. Unavutwa, unafungiwa mkanda mpya, unaondoka. Lakini usichukulie kuzima kama jambo dogo. Ukiwa kwenye kona za mlima Kitonga na injini imezima ghafla, usukani unakuwa mzito na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu.

Injini za dizeli hazina msamaha huo. Mgandamizo wao ni mkubwa, pistoni hupanda hadi karibu kugusa silinda hedi, kwa hiyo mkanda wa 1HZ ya Land Cruiser au 1KZ ya Prado na Surf ukiruka vya kutosha, pistoni zinazikuta valvu ziko wazi. Valvu hupinda, na hedi lazima ishuke. Dizeli nyingi za Toyota kutoka Japani zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka gari likifika kilomita 100,000. Taa hiyo inahesabu kilomita tu. Haijui kama kava lipo, wala mkanda umekula mchanga kiasi gani.

Kuna wanaojibu kuwa magari ya mashindano hukimbia mkanda ukiwa wazi. Ni kweli, baadhi huondoa kava la juu ili fundi afikie kwa haraka gia za kemshafti anazozirekebisha. Ila mikanda yao hukaguliwa kila mara na kubadilishwa mapema, na wengine hufunga kava la plastiki angavu badala ya kuacha wazi.

Wenye injini za cheni, kama 1NZ-FE ya IST na Vitz, hawana hata cha kubishania. Kava lao ni la alumini, oili inapita ndani yake, na pampu ya oili imejengwa humo humo. Bila kava hilo hakuna injini.

Kwa hiyo mimi nasemaje? Kuwasha gari gereji dakika chache bila kava ili kusikiliza na kuangalia alama ni kazi ya kawaida. Kurudi nyumbani polepole kwenye lami kavu ukiwa umekosa kipande cha juu, sawa, ukijua kesho unakitafuta. Kipande cha chini kikikosekana, gari lisitoke. Hicho ndicho kilicho karibu na barabara na puli ya krenki, na fundi mvivu hupenda kukiacha kwa sababu kukirudisha kunamlazimu afungue puli upya. Kwenye 4A-FE kina pia alama za digrii za kusetia moto. Bila hicho taa ya taimingi haina pa kusomea.

Hoja moja ya mafundi naikubali: kava huficha sili ya kemshafti inayovuja, na oili hulainisha mpira wa mkanda hadi ukavimba. Lakini dawa ni kufungua bolti chache za kava la juu kwa spana namba 10, kuchungulia, na kulirudisha.

Makava ya mtumba yanapatikana kwa wauza spea. Nenda na namba ya injini, si jina la gari peke yake, na angalia kama mpira wa pembezoni bado upo. Bolti iliyokatikia ndani ichimbuliwe, isiwe sababu ya kufunga kava kwa bolti mbili na waya. Kama gari limetembea muda mrefu likiwa wazi, usifunike uchafu: badilisha mkanda, tenshona na beringi zake kwanza. Na mpaka hapo, mwambie kijana wa kuosha magari asiguse injini kwa mashine ya maji ya presha, maana inasukuma mchanga na sabuni moja kwa moja kwenye grisi ya beringi hizo.