Maboga Yanapoanguka Yangali Machanga

Kila mvua za vuli zinapokolea, lalamiko ni lile lile. Mashina ya maboga nyuma ya jiko yametambaa vizuri, majani ni mapana, maua ya manjano yamejaa. Lakini vile viboga vidogo, vyenye ukubwa wa yai, vinanyauka na kuanguka. Mmoja husema mbegu ni mbovu, mwingine husema ni kijicho cha jirani. Wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya kupulizia.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha yako, okota kiboga kimoja kilichoanguka ukipasue. Ukikuta funza, huyo ni nzi wa matunda: okoteni vyote mvifukie chini kabisa. Ukikuta ndani ni safi, basi hapana ugonjwa. Ua halikupata chavua, na dawa ya dukani itazidisha tatizo hilo.

Boga lina maua ya namna mbili kwenye shina moja. Ua dume hukaa juu ya kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Madume hutangulia, hufunguka siku moja na kuanguka, kwa hiyo maua ya kwanza yakipukutika msishtuke. Ua jike nalo hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, siku hiyo moja tu. Chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Asipofika nyuki saa hizo, na tena si mara moja bali mara kadhaa, kiboga hakitakua. Matango na matikiti ni hivyo hivyo. Tango lililopinda au lililosinyaa upande mmoja mara nyingi limepata chavua pungufu.

Sasa fikirini mtu anayepulizia sumu saa mbili asubuhi. Ndiyo saa nyuki wako ndani ya maua.

Kuna jambo la afya ambalo ni kubwa kuliko hilo. Kila chupa ya dawa huandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna. Lakini bogani mama huchuma majani kila baada ya siku chache, pamoja na maua, kwa mboga ya jioni. Hizo siku za kungoja atazipata wapi? Watoto watalishwa sumu katika mboga ile ile tunayowapikia kwa ajili ya afya yao. Majani ya maboga, na boga lenyewe lenye nyama ya rangi ya chungwa, huupa mwili vitamini A, ambayo huzuia ugonjwa wa kutoona wakati wa giza na kumsaidia mtoto kushindana na magonjwa. (Pikeni na mafuta kidogo au karanga, ndipo mwili uipate vizuri.)

Na ile tabia ya kununua sumu iliyopimwa kwenye chupa ya soda tuiache kabisa. Mtoto mwenye kiu hasomi. Akinywa, msimtapishe wala msimpe maziwa. Mpelekeni hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Ikimmwagikia, mvueni nguo na kumwosha kwa maji mengi na sabuni, kisha apelekwe vilevile.

Kama wadudu wanakula majani, twangeni majani ya mwarobaini, yaloweke usiku kucha, chujeni, tieni sabuni kidogo, mnyunyizie jioni maua yakiwa yamefunga. Vidukari hushindwa hata kwa maji ya sabuni peke yake.

Nyuki huja pale panapo chakula cha siku zote, si cha wakati wa maboga tu. Alizeti chache kwenye ukingo, mvumbasi, mbaazi, mlonge karibu na uzio: vyote hivyo huchanua na nyuki huvipenda. Giligilani na figili chache ziacheni zitoe maua badala ya kuzing'oa zote. Wekeni sahani ya maji yenye vijiwe, wapate pa kutua.

Si nyuki wa asali tu wanaofanya kazi. Wapo wale wadogo wasiouma, wanaokaa kwenye nyufa za kuta na mashimo ya miti. Yupo pia yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti, ambaye watu humwua kwa kandambili. Huyo ndiye fundi wa maua ya pasheni. Nyuki wa asali ni mdogo mno, hupita chini ya chavua bila kuigusa. Mwachieni gogo kavu pembeni, boriti zenu zitapumzika kidogo.

Mwenye mzinga auweke mbali na nyumba na njia ya watoto, maana nyuki wetu ni wakali. Aliyeumwa akivimba uso au kupumua kwa shida, akimbizwe hospitali.

Mpaka nyuki watakaporudi, fanyeni kazi yao wenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chuma ua dume lililofunguka, ondoa petali zake, na ule mchi wenye unga wa njano uupake taratibu katikati ya ua jike. Dume moja hutosha majike mawili au matatu. Kwa hiyo anayechuma maua ya mboga achume madume, ayaache machache, na majike asiyaguse.