Mihuri inayomaliza nauli ya mtu wa Kilwa

Ufuta wa Kilwa ukishanunuliwa mnadani, karatasi za kuupeleka India au China ni shughuli ya mnunuzi. Mkulima hana habari nazo. Lakini mwanawe akipata kazi Muscat au nafasi ya chuo Guangzhou, mihuri yote ataifuata mwenyewe.

Mwanzo wake uko karibu. Cheti cha kuzaliwa hushughulikiwa wilayani, Masoko, na wakili huthibitisha nakala. Baada ya hapo safari ni ya kaskazini. RITA ihakiki cheti cha kuzaliwa, NECTA kile cha shule. Maombi haya sasa hupitia mtandaoni, na ni nafuu kubwa. Cheti cha ndoa cha Kiswahili kinahitaji tafsiri rasmi, kazi ambayo BAKITA huifanya. Kisha Wizara ya Mambo ya Nje, na mwisho ubalozi, ambao mara nyingi uko Dar es Salaam.

Ada za mihuri si mzigo mkubwa. Kinachoumiza ni nauli ya kilomita 300 hivi kutoka Masoko hadi Dar es Salaam, na zaidi ya 400 kwa wa Lindi mjini. Ni gesti, chakula, na siku ambazo mtu hakwenda baharini wala shambani. Na barabara ya kutegemewa ni hiyo hiyo moja. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga, abiria wakakwama siku kadhaa. Mwombaji aliyechoka namna hiyo ndiye vishoka wanayemsubiri.

Dawa ipo tangu 1961. Mkataba wa Hague wa mwaka huo unaziwezesha nchi wanachama kupokeana nyaraka kwa cheti kimoja, apostili, bila kupitia ubalozini. Oman imo tangu 2012, China tangu 2023. Kwa majirani, Burundi tangu 2015 na Rwanda tangu 2024. Tanzania, hadi mwisho wa 2024, haikuwemo. Anayekwenda Dubai asingenufaika, kwa kuwa Falme za Kiarabu nazo hazikuwemo, lakini wa Muscat na Guangzhou wangeruka hatua nzima.

Kujiunga pekee hakutoshi ikiwa apostili yenyewe itafuatwa Dodoma. Mkataba unairuhusu nchi kuteua ofisi zaidi ya moja za kuitoa. Ofisi ya mkoa pale Lindi iwe mojawapo.